Pesa Moja ya Shaba: Jinsi ya Kukusanya Sarafu Ndogo za Kwetu

Mji wetu wa Johannesburg ulianzishwa Oktoba 1886. Siku chache kabla ya hapo, mwishoni mwa Septemba, ulikuwa umeingia mwaka 1304 wa Hijria. Mwaka huo huo ndio ulioandikwa kwenye sarafu ndogo ya shaba ya Unguja, iliyotolewa na Sultani Barghash bin Said. Sarafu hiyo si adimu. Bado inapatikana katika makopo ya vifungo, katika masanduku ya safari yaliyokuja kutoka pwani, na kwa wauzaji wa vitu vya kale. Ukiishika mkononi umeshika kitu kilichozaliwa pamoja na mji unaoishi.

Sarafu hiyo iliitwa pesa. Leo tukisema pesa tunamaanisha fedha yoyote, hata ile isiyoonekana iliyomo ndani ya simu. Zamani pesa ilikuwa kitu kimoja unachoweza kukitia mdomoni: kipande cha shaba cha mviringo, upana wake kama milimita 25, uzito wake gramu sita na nusu hivi. Neno limebaki, kitu chenyewe kimesahaulika.

Makala hii ni kwa wanafunzi wa madarasa ya juu pamoja na wazazi wao. Kazi ya kukusanya sarafu hufanywa vizuri na watu wawili wa umri tofauti: mmoja mwenye macho makali, mwingine mwenye kumbukumbu.

Kwa nini ndogo, si kubwa?

Ukiingia kwenye kazi hii utasikia watu wakisifu dhahabu na fedha. Sultani Barghash naye alitengeneza sarafu za dhahabu na riale za fedha zenye mwaka 1299, yaani 1882. Hizo hazikuenea. Watu wachache walizigusa, na zilizobaki leo bei yake si ya mwanafunzi. Pesa zake za shaba, za 1299 na za 1304, ndizo zilizofanya kazi. Zilipita mikononi mwa wauza samaki, wachukuzi, watumwa na wake kwa waume sokoni. Zilivuka bahari zikaingia bara pamoja na misafara.

Kwa hiyo sarafu ndogo ina faida mbili kwako. Kwanza, unaweza kuimudu. Pili, inasimulia habari za watu wa kawaida, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Pesa iliyolika mpaka maandishi yakafifia hupunguziwa thamani na muuzaji, lakini wewe usiidharau. Kulika kwake ni ushahidi kwamba ilitumika.

Hesabu ya zamani

Kabla ya kukusanya, jifunze hesabu. Bila hesabu huwezi kujua kwa nini sarafu hizi zinafanana.

Karne ya 19 pwani yetu ilitumia fedha za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya malkia wa Austria. Ya pili ni rupia ya India. Chini yao ndiyo ilikuwapo pesa. Hesabu ilikwenda hivi:

Rupia 1 ni pesa 64.
Riale 1 ni pesa 136.

Ukigawanya utaona riale moja ni rupia mbili na thumuni moja ya rupia, yaani riale 8 ni sawasawa na rupia 17. Watoto wa maduka ya Unguja walilazimika kuyajua haya kichwani.

Pesa zenyewe zilitoka kwanza India. Zilikuwa robo ana za Kampuni ya India Mashariki, na nyingi unazoziona leo zina mwaka 1835. Rupia ilikuwa na ana 16, na kila ana pesa 4, ndiyo maana tukapata 64. Sultani Barghash alipotoa pesa yake aliifanya iwe na ukubwa na uzito wa pesa ya India. Waingereza wa Mombasa wakafanya hivyo hivyo, na Wajerumani vilevile. Sababu ni nyepesi: soko lilikuwa limeshaizoea pesa ile, na mwenye duka angekataa kipande chepesi. Masultani na makampuni walikuwa na bunduki, lakini katika jambo hili ilibidi wamfuate muuza chumvi.

Sarafu sita za kuanzia

Huhitaji sarafu mia. Sita tu zinatosha kusimulia historia ya miaka ishirini ya mwisho ya karne ile, tangu Unguja na Mombasa mpaka Bagamoyo, Ngazija na Kongo.

Ya kwanza ni pesa ya Barghash. Upande mmoja una jina la Sultani kwa Kiarabu, upande wa pili una picha ya mizani na tarehe. Mizani ni ahadi: hapa hupunjwi.

Ya pili ni pesa ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Ina jua lenye taji upande mmoja, na upande wa pili mizani tena, pamoja na mwaka 1306 wa Hijria. Ziweke mbili hizi meza moja uzitazame. Kampuni ngeni imeazima mizani ya Sultani ili ikubalike, halafu ikaweka taji lake nyuma yake.

Ya tatu ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya 1890, 1891 au 1892. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani. Upande wa pili kuna Kiarabu kinachosomeka *sharika* ya Ujerumani, na tarehe ya Hijria: 1307, 1308 au 1309. Angalia neno hilo vizuri, kwani ndilo shina la neno letu shirika. Kaa nayo sarafu hii muda mrefu kidogo. Agosti 1888 kampuni hiyo ilipokwenda kuichukua pwani, watu walikataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita kuanzia Pangani, akashikwa na kunyongwa Desemba 1889. Pesa yenye tai ikatoka mwaka uliofuata. Kuanzia 1898 Wajerumani wakatoza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Hesabu mwenyewe: rupia tatu ni pesa 192. Mtu aliyekuwa akiishi kwa shamba lake alilazimika kutafuta vipande 192 vya shaba, au kazi ya kumlipa hivyo. Kipande unachokishika huenda kilikuwa kimoja kati ya hivyo.

Ya nne ni pesa ya Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, yenye picha ya Malkia Victoria. Ilitolewa 1897, 1898 na 1899, baada ya kampuni ya Mombasa kuondoka na serikali ya Uingereza kuingia. Mizani haipo tena. Ukiiweka karibu na ile ya 1888 hutahitaji mwalimu kukueleza kilichobadilika.

Ya tano ni kwa wenye asili ya Ngazija na visiwa jirani: sentimu 5 au 10 za Sultani Said Ali, za mwaka 1308 wa Hijria, zilizotengenezwa Paris.

Ya sita ni kwa wenzetu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi: sarafu za shaba za Dola Huru ya Kongo, zilizotolewa kuanzia 1887 kwa amri ya Leopold II wa Ubelgiji. Zina tundu katikati na nyota yenye ncha tano. Zinapendeza kwa macho, lakini jina lile la Dola Huru ni la kejeli. Waulize wazee wa Kongo walisikia nini kutoka kwa wazee wao kuhusu mpira na mikono iliyokatwa. Usiiweke sarafu hii kwenye daftari bila habari hiyo.

Ukiwa na jamaa Maskati, ongeza robo ana ya Sultani Faisal bin Turki ya mwaka 1315, ambayo ni nyingi na rahisi. Na kwa kuwa tupo hapa, tafuta pia peni ya shaba ya Rais Kruger. Jamhuri ya Transvaal ilitoa peni zake 1892, 1893, 1894 na 1898. Sarafu za 1892 zilitengenezwa Berlin, na pesa zenye tai zilitengenezwa huko huko. Kwa hiyo peni ya Pretoria na pesa ya Bagamoyo ni watoto wa kiwanda kimoja. Mafundi wa Berlin walikosea huko Transvaal: baadhi ya sarafu za 1892 ziliwekwa gari la kukokotwa lenye miti miwili mbele, wakati gari la Makaburu lina mti mmoja. Juu ya hayo, fundi Otto Schultz aliweka herufi zake O.S. kwenye bega la Kruger, na kwa Kiholanzi *os* ni ng'ombe maksai. Watu walicheka, Rais hakucheka.

Kusoma tarehe

Hapa ndipo wanafunzi wanaosoma madrasa wanawapita wenzao. Tarakimu za Kiarabu kwenye sarafu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama tunavyosoma namba zetu, ingawa maandishi yenyewe huanzia kulia. Kwa hiyo ١٢٩٩ ni 1299, ١٣٠٤ ni 1304, na ١٣٠٦ ni 1306.

Mambo matatu huwapoteza wengi. Sifuri ni nukta, na kwenye sarafu iliyolika nukta hupotea kabisa. Tano ni duara, nawe utadhani ni sifuri. Sita ya Kiarabu inafanana na saba yetu. Chukua sarafu, iinamishe kidogo karibu na dirisha ili mwanga uje kwa upande, si juu yake. Maandishi yaliyofifia yatainuka.

Ukipata mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mfano: 1299 mara 0.97 ni 1260. Ongeza 622, unapata 1882. Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria hauanzi Januari na ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi.

Maneno ni sarafu pia

Shule yetu ni ya lugha, basi sikiliza. Karibu kila jina la fedha tulilonalo ni sarafu iliyokufa.

Pesa na rupia ni za India. Fedha ni neno la Kiarabu la madini yenyewe. Sarafu linatokana na Kiarabu cha kubadilisha fedha. Riale lilitoka Uhispania na Ureno, likapitia kwa Waarabu. Hela ni *Heller* ya Wajerumani, ambao 1904 waliiacha hesabu ya pesa 64 na kuigawa rupia katika hela 100. Thumuni, au sumni kama wasemavyo wengi Kenya, ni sehemu ya nane kwa Kiarabu, baadaye ikawa jina la senti hamsini. Dala ni shilingi tano, na ndiyo iliyozaa daladala. Ndugu zetu wa Kongo wanasema falanga, kutokana na faranga ya Wabelgiji. Uganda wanasema *ensimbi*, na simbi ni yale makombe madogo meupe yaliyotumika kununulia vitu kabla shaba haijafika.

Kwa hiyo mtoto wa Yeoville akisema, "Sina hela," na jirani yake akamjibu kwamba naye hana falanga, Berlin na Brussels zote mbili zimo katika mazungumzo yao, na wala hawajui.

Kutunza

Kanuni ya kwanza na ya mwisho: usiisafishe. Usitumie limau, ukwaju, majivu, mchanga, wala dawa ya kung'arishia shaba. Rangi ya kahawia iliyokolea ni ngozi ya sarafu, imejijenga kwa zaidi ya miaka mia na inailinda. Ukiiondoa, sarafu itang'aa wiki moja, kisha itaharibika, na thamani yake imekwenda. Vumbi liondoe kwa maji safi tu, kisha ikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua.

Ishike kwa ukingo, si kwa uso, kwa kuwa jasho la vidole huila shaba. Weka kila moja katika bahasha yake ndogo ya karatasi. Epuka vifuko vya plastiki laini vyenye harufu kali, kwani baada ya miaka huacha unyevu wa kijani juu ya sarafu. Ukiona madoa ya kijani kibichi yanayopukutika kama unga, itenge na nyingine haraka.

Kununua na kutodanganywa

Anza nyumbani kabla ya kutoa randi hata moja. Uliza bibi, nyanya, babu, mama wakubwa na wajomba, hata kwa simu. Makopo ya vifungo, mikoba ya zamani, mikufu na mapambo ya ngoma hufichwa sarafu nyingi. Omba kwa adabu, na ukikataliwa, omba ruhusa ya kupiga picha tu.

Ukinunua, nenda na mizani ndogo ya kupimia na sumaku. Shaba haishikwi na sumaku, ikishikwa, rudisha. Pesa inayokosa uzito wake kwa gramu mbili, wakati haijalika sana, itilie shaka. Jihadhari zaidi na riale ya Maria Theresa. Zote zina mwaka 1780, hata zilizotengenezwa karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa nchi zetu na za Uarabuni walikataa tarehe nyingine yoyote, na viwanda vya nchi kadhaa viliendelea kuzitoa hivyo. Akikuambia muuzaji kwamba ni ya 1780 kwa kuwa imeandikwa, mshukuru na uondoke.

Usichimbe. Hapa Afrika Kusini, Sheria ya Rasilimali za Urithi wa Taifa, namba 25 ya mwaka 1999, inalinda vitu vya kale vilivyomo ardhini na kwenye meli zilizozama. Kuvichimbua kunahitaji kibali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Zanzibar na Kenya zina sheria zao. Ukitaka kusafiri na sarafu za kale kutoka nchi moja kwenda nyingine, uliza kwanza kama kibali kinahitajika. Si suala la polisi peke yake. Kipande cha shaba cha Kilwa chenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman kilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, na kwa sababu mahali pake panajulikana, kimetufundisha kwamba pwani yetu na nchi hizi za kusini zilijuana karne nyingi kabla ya Johannesburg. Kingekuwa kimechimbuliwa na mtu na kuuzwa kimya kimya, leo kingekuwa shaba tu.

Daftari ni muhimu kuliko sarafu

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye hasara kubwa.

Sarafu ya shaba inaweza kungoja. Imengoja miaka mia na thelathini na zaidi, na itangoja tena. Mtu anayejua ilivyofika nyumbani hawezi kungoja. Anapofariki mzee, familia hugawana vitu, kopo hutikiswa, na anayefungua huona vyuma vya kahawia visivyonunua chochote. Vingine huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, vingine huwa vitu vya watoto kuchezea. Vikiokoka, huokoka bila jina. Na sisi tulio mbali na kwetu ndio tunaopoteza zaidi, kwa kuwa hatuna nyumba ya zamani ya kurudi na kuuliza. Mara nyingi tulichonacho ni kile kilichoingia kwenye begi.

Kwa hiyo kila sarafu iwe na ukurasa wake. Andika tarehe zote mbili, ya Hijria na ya Miladi. Andika uzito na upana. Kisha andika mambo ambayo hakuna kitabu kitakachokupa: nani alikupa, aliipata wapi, aliiitaje, iliwekwa wapi, na maneno aliyoyasema akiitazama, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kiwe cha Unguja, cha Mombasa au cha Lubumbashi. Usikisahihishe. Akisema hajui, andika hivyo pia, pamoja na siku uliyomuuliza. Sarafu uliyonunua dukani andika kwamba umenunua dukani, usiitungie babu.

Zoezi la nyumbani

1. Riale mbili ni pesa ngapi? Rupia tano je?
2. Sarafu imeandikwa ١٣٠٨. Ni mwaka gani wa Miladi, takriban?
3. Muulize mtu mzima mmoja wa nyumbani akutajie majina yote ya fedha aliyoyasikia utotoni, kisha tafuta kila jina limetoka nchi gani.
4. Mkipata sarafu nyumbani, msiisafishe. Ileteni Jumamosi katika bahasha ya karatasi, pamoja na ukurasa wake wa daftari. Asiye na sarafu alete ukurasa wa zoezi la tatu. Kwetu una uzito ule ule.